Vifaru, ndege na zile dakika za kwenye uwanja wa mabomu

Kila vita vipya vinapoanza, mtandaoni huzuka ubishi uleule: kifaru kimepitwa na wakati, helikopta imepitwa na wakati, sasa ni zamu ya silaha nyingine. Nimesoma historia ya vita kwa miaka mingi, na ubishi huu unanikera, kwa sababu unatuondoa kwenye swali lenyewe. Kifaru hakijawahi kuvunja ulinzi wa matabaka kikiwa peke yake. Wala ndege haijawahi. Waliojaribu hivyo mwaka 1944, mwaka 1973 na mwaka 2003 walirudi wakibeba majeruhi wao, na wote walikuwa na silaha bora kabisa za zama zao.

Tuanze na ulinzi wenyewe. Mbele kabisa huwa kuna vituo vya askari wachache, kazi yao kuona na kutoa taarifa. Nyuma yao ni mabomu ya kutegwa ardhini, seng'enge, na mtaro mpana ambao kifaru hakiwezi kuuvuka bila daraja. Halafu mahandaki ya askari wenye bunduki za rashasha na makombora ya kutoboa vifaru. Nyuma zaidi kuna mizinga iliyokwisha kupimiwa shabaha kwenye kila njia unayoweza kupita, na vifaru vya akiba vinavyosubiri kujua umeingilia wapi. Juu ya vyote hivyo kuna rada na makombora ya kutungua ndege.

Wengi hudhani kila tabaka limewekwa ili kumzuia mshambuliaji. Mimi naona kazi yake kubwa ni kuwatenganisha washambuliaji. Bomu la ardhini linakisimamisha kifaru, lakini halimgusi rubani. Rashasha inamlaza chini askari wa miguu wakati kifaru kinaendelea mbele. Kombora la kutungua ndege linamfukuza rubani na kuwaacha walio chini bila macho. Waliokuja pamoja wanajikuta kila mmoja mahali pake, na hapo ndipo wanapouawa, mmoja baada ya mwingine.

Wasovieti walilifanya hili kwa ukamilifu huko Kursk, Urusi, Julai 1943. Walitega karibu mabomu milioni moja, wakachimba safu juu ya safu za mahandaki. Wajerumani walikuja na gari jipya la deraya lenye mzinga, lililoitwa Ferdinand, lenye uzito wa tani 65 hivi na chuma cha milimita 200 upande wa mbele. Hakukuwa na mzinga wa kawaida wa kukitoboa chuma kile kutoka mbele. Lakini Ferdinand halikuwa na rashasha. Karibu na kituo cha reli cha Ponyri mengi yaliharibiwa minyororo na mabomu ya ardhini, na yaliyofanikiwa kupita yalijikuta hayana askari wa miguu pembeni, kwa kuwa risasi na mizinga ilikuwa imewalaza nyuma. Gari ambalo halikutoboleka likawa linazungukwa na watu wenye chupa za petroli. Upande ule wa kaskazini, jeshi la Kijerumani la Jenerali Model lilisonga kilomita 12 hadi 15 tu, likasimama.

Sasa tusogee karibu zaidi, mpaka ukingoni mwa uwanja wa mabomu wa siku hizi. Gari la wahandisi wa kijeshi linarusha roketi, na roketi ile inavuta kamba nene iliyojaa vilipuzi, urefu wake kama mita 100. Kamba inatua juu ya uwanja, inalipuka, na mabomu yaliyo chini yake yanalipuka nayo. Mengi, si yote. Kwa hiyo nyuma yake kinaingia kifaru chenye jembe la chuma mbele, kinachimbua udongo na kuyasukuma pembeni yaliyosalia, kwa mwendo wa pole. Baada ya jembe zinawekwa alama za kuonyesha njia. Kisha magari yanaingia moja moja, kila dereva akikanyaga palepale alipokanyaga aliyemtangulia. Hapo hakuna kugeuza. Huwezi kulipita gari la mbele yako likikwama, wala huwezi kurudi mpaka wa nyuma yako warudi kwanza. Na kama uwanja una kina cha mita 300, kazi hiyo inarudiwa mara tatu, mbele ya adui aliyekwisha kujua uko wapi.

Kwa maoni yangu, vita vyote vya kuvunja ulinzi viko ndani ya dakika hizo. Ndege, mizinga, moshi na vifaru vinavyofyatua kutoka kwenye vilima vya nyuma vyote vina kazi moja: kuhakikisha wakati wahandisi wanafungua njia, hakuna mtu ng'ambo ya pili anayethubutu kuinua kichwa. Jenerali anayeelewa hivyo atauliza kwanza wahandisi wanahitaji muda gani, ndipo apange ndege zake. Asiyeelewa atahesabu tani za mabomu.

Sedan, mji wa Ufaransa kando ya mto Meuse, Mei 13, 1940, ni mfano unaotajwa sana na kueleweka kidogo. Picha iliyobaki vichwani ni ya vifaru vya jenerali wa Kijerumani Guderian vikiipasua Ufaransa. Ukweli ni kwamba hakuna kifaru kilichovuka mto Meuse siku ile. Waliovuka ni askari wa miguu na wahandisi, kwa mashua za mpira, alasiri, chini ya macho ya ngome za zege. Kilichowavusha ni utaratibu wa mashambulizi ya anga. Jenerali Kleist, mkuu wa Guderian, alitaka pigo moja kubwa la ndege kisha askari wavuke. Guderian alikuwa ameshakubaliana na Loerzer, kamanda wa kikosi cha anga, kwamba ndege zije kwa mawimbi, moja likiondoka jingine linaingia, saa baada ya saa, ili wapiga mizinga wa Ufaransa wasipate nafasi ya kutoka kwenye mashimo yao. Loerzer akafuata mpango wa Guderian.

Mabomu yale yalivunja ngome chache sana. Lakini yalikata nyaya za simu, ambazo Wafaransa hawakuzifukia ardhini, na yakawafanya watu wa Divisheni ya 55 wasiweze kufikiri kitu kingine zaidi ya ving'ora vya ndege za mabomu za Stuka zinazoshuka. Jioni hofu ililipuka huko Bulson, nyuma ya safu ya mbele: uvumi kwamba vifaru vya Wajerumani vimeshafika ukaenea, na watu wa mizinga wakaondoka. Vifaru vyenyewe vilikuwa bado ng'ambo ya mto, vikisubiri daraja la Gaulier likamilike usiku.

Kesho yake ikaonekana sura ya pili ya hadithi hiyohiyo. Uingereza na Ufaransa zilipeleka ndege kulipiga daraja. Alasiri ile Waingereza walituma 71, na karibu 40 hazikurudi. Marubani wale walikuwa jasiri, na inaniuma kila ninaposoma habari zao, kwa sababu waliagizwa kufanya peke yao kazi ambayo haifanywi na ndege peke yake. Hakukuwa na mizinga ya kuzinyamazisha silaha za kutungua ndege zilizopangwa mtoni, na shambulio la vifaru vya Ufaransa lililoanza asubuhi lilikuwa limeshasambaratishwa. Kila mmoja alikuja kwa saa yake.

Ukitaka kuona tofauti kati ya wingi na uratibu, weka pamoja mapigano mawili ya Julai 1944 huko Normandy, Ufaransa, yaliyoachana kwa wiki moja.

La kwanza ni Goodwood, Julai 18. Waingereza walileta divisheni tatu za vifaru na zaidi ya ndege 2,000 za mabomu. Asubuhi ile mabomu yalipindua vifaru vya Wajerumani kama makopo. Ila mpango wenyewe ulikuwa umeshawatenganisha washambuliaji kabla Mjerumani hajafyatua risasi. Divisheni ya 11 iliagizwa kutumia askari wake wa miguu kusafisha vijiji vya Cuverville na Démouville, huku vifaru vikitangulia. Kamanda wake, Roberts, alipinga, akakataliwa. Mizinga ilibaki magharibi ya mto Orne kwa kuwa madaraja yalikuwa machache, na kufikia mchana vifaru vilikuwa vimetoka nje ya uwezo wake. Askari wa anga aliyetakiwa kuziita ndege kwa redio kutoka mstari wa mbele alijeruhiwa mapema na gari lake kupigwa. Kuanzia hapo vifaru vilipanda kuelekea kilima cha Bourguébus bila askari wa miguu, bila mizinga, bila ndege, mbele ya mizinga ya Wajerumani iliyookoka mabomu. Zaidi ya vifaru 300 vilipigwa katika siku chache zile.

Kamanda wa kikosi kizima, O'Connor, alikuwa ameomba magari ya mizinga yaondolewe mizinga ili yabebe askari wa miguu ndani ya deraya, wasiachwe nyuma. Akakataliwa. Wiki tatu baadaye Mkanada Simonds alifanya jambo hilohilo, na askari wake walipita usiku katikati ya safu za Wajerumani wakiwa ndani ya magari hayo. Hilo hunisikitisha kuliko hesabu ya vifaru: jibu lilikuwa linajulikana.

Pambano la pili ni Cobra, la Wamarekani, Julai 25, magharibi ya Saint-Lô. Nalo lilianza kwa ndege nyingi, zile nzito za mabomu kama 1,500, zikipiga eneo la urefu wa kilomita 6 hivi na upana wa kilomita 2. Makosa yalikuwa ya kutisha. Mabomu yaliangukia Wamarekani wenyewe, yakaua 111 na kujeruhi 490, miongoni mwa waliokufa akiwemo Jenerali McNair. Siku ya kwanza askari wa miguu walisonga kidogo tu na wengi waliona mpango umeshindikana. Jenerali Collins aliona jambo jingine: Wajerumani walikuwa wanapigana, lakini vipande vyao haviungani tena, kila kimoja kivyake. Julai 26 akaingiza vifaru bila kusubiri pengo kamili.

Kilichofuata kilitokana na wazo la Jenerali Quesada wa jeshi la anga. Alichukua redio za ndege, akazifunga ndani ya vifaru, na ndani ya kifaru akamweka rubani. Juu ya kila safu zilikuwa zinazunguka ndege nne za kivita za P-47, zikipokezana mchana kutwa. Rubani wa chini alizungumza na rubani wa juu kwa lugha yao wenyewe: mzinga uko nyuma ya mti ule, njia panda ile ina vifaru viwili. Ombi halikupitia makao makuu matatu. Fikiria mtu uliyemo ndani ya kifaru, dunia yako yote ni mwanya mdogo wa kioo, halafu unasikia sauti ya anayekiona kilicho nyuma ya kilima. Mwisho wa mwezi Wamarekani walikuwa Avranches.

Kiufundi, redio ile haikuwa ajabu yoyote. Ugumu ulikuwa kuwashawishi wakubwa wa anga wamtoe rubani na kumfungia ndani ya chuma, na wakubwa wa nchi kavu wamsikilize.

Lakini ningeambiwa nichague pambano moja tu la kumfundishia mtu mada hii, ningechagua Sinai, Oktoba 1973, kwa sababu pale somo linakuja mara tatu na linageuka mwelekeo.

Oktoba 6 Wamisri walivuka mfereji wa Suez. Ukuta wa mchanga ambao Waisraeli waliutegemea uliangushwa kwa maji: mhandisi kijana, Baki Zaki Yousef, alikuwa amependekeza pampu za maji zitumike badala ya vilipuzi, na mapengo yakafunguka kwa saa chache. Juu ya wavukaji kulikuwa na mwavuli wa makombora ya kutungua ndege ya Kisovieti, ukifika kilomita kadhaa mashariki ya mfereji. Chini ya mwavuli kulikuwa na askari wa miguu wenye silaha za kutoboa vifaru za Sagger na RPG-7. Huo ulikuwa ulinzi wa matabaka uliobebwa na kuvushwa mfereji.

Oktoba 8 Waisraeli walirudisha pigo kwa vifaru, vikiwa na askari wa miguu na mizinga michache mno, na ndege zao zisingeweza kuingia chini ya mwavuli bila kuangamia. Mwaka 1967 vifaru vyao vilishinda vikikimbia, wakaamini kukimbia kunatosha. Kikosi kimoja karibu na Firdan kiliangamizwa kwa muda mfupi na kamanda wake, Assaf Yaguri, akatekwa.

Siku sita baadaye ikawa zamu ya Misri. Rais Sadat alitaka kuipunguzia mzigo Syria, mshirika wake, akaamuru vifaru visonge mbele kuelekea njia za milimani. Saad el-Shazly, mkuu wa majeshi, alipinga vikali, na sababu yake ilikuwa moja: vitatoka nje ya mwavuli. Vilitoka. Oktoba 14 Misri ilipoteza vifaru vipatavyo 250, vingi vikiwa vimepigwa na vifaru vilivyokuwa vimejificha, na ndege zikiwa huru juu yao.

Kisha usiku wa kuamkia Oktoba 16 askari wa miavuli wa Israeli, chini ya Danny Matt, walivuka mfereji kwenda magharibi kwa mashua za mpira, huku mapigano ya kikatili yakiendelea nyuma yao kwenye eneo lililoitwa Shamba la Wachina. Vifaru vichache vikavushwa kwa vyombo vya kuelea. Havikusubiri daraja wala jeshi kubwa. Vilikwenda moja kwa moja kwenye vituo vya makombora ya kutungua ndege na kuvipiga kwa mizinga yao kama vile ni maghala ya kawaida. Kituo cha makombora kimejengwa kutazama juu. Hakina la kufanya mbele ya kifaru kilichosimama mita mia chache. Kadiri vituo vilivyoanguka, tundu likafunguka angani, ndege zikaingia, na ndege zilipoingia vifaru vikasonga zaidi.

Hapa ndipo watu wanaposhangaa ninapowaeleza. Tumezoea kusema anga ifungue njia ya nchi kavu. Mwaka 1973 kifaru kilimfungulia rubani anga. Na mwaka 1991, katika Vita vya Ghuba, ikageuzwa tena: alfajiri ya Januari 17, helikopta za Apache za Marekani zikiongozwa na helikopta za Pave Low zenye mitambo ya kuongozea safari, ziliruka chini sana usiku na kuharibu vituo viwili vya rada vya Iraki, ili ndege za kivita zipite. Nani anamfungulia nani hutegemea tabaka gani liko dhaifu siku hiyo.

Kuhusu vita vya nchi kavu vya 1991 sina mengi. Anga ilikuwa imepiga kwa wiki tano na zaidi, na Februari 24 askari wa Marine wa Marekani walipitia mikanda miwili ya mabomu kwa majembe na kamba za vilipuzi mbele ya jeshi lililokwisha kukata tamaa. Kinachofundisha zaidi ni kilichofuata mwaka 2003, kwa sababu jeshi lilelile liliyasahau yake.

Usiku wa Machi 23 kuamkia 24, kikosi cha helikopta za Apache kilitumwa peke yake kuipiga Divisheni ya Medina ya Iraki karibu na Karbala. Mafuta yalichelewa, safari ikachelewa, lakini makombora ya kunyamazisha ulinzi wa anga yakarushwa kwa ratiba ya zamani. Helikopta zilipofika, ulinzi ulikuwa umeshapata nafasi ya kujipanga. Taa za mji zilizimika na kuwaka, na kila mwenye bunduki akaanza kufyatua juu. Helikopta moja ilianguka na marubani wake wawili wakatekwa. Takriban 30 zilirudi na matundu. Hakukuwa na tatizo na helikopta. Siku chache baadaye zilitumika pamoja na ndege za kivita na mizinga, na matokeo yakawa tofauti kabisa.

Nimeeleza yote haya kwa sababu ya Ukraine. Juni 2023 safu za Ukraine zilisonga kusini ya Orikhiv kuelekea Tokmak, na Juni 8, karibu na Mala Tokmachka, picha zilisambaa dunia nzima: vifaru vya Leopard na magari ya Bradley yamesongamana kwenye njia moja ndani ya uwanja wa mabomu, pamoja na gari la wahandisi lililokuwa likifungua njia hiyo. Watu wakacheka na kusema Leopard ni bure. Mimi niliona ile njia nyembamba, gari la kwanza limekwama, na wa nyuma hawana pa kwenda.

Ukraine haikuwa na anga. Helikopta za Urusi aina ya Ka-52 zilisimama hewani umbali wa kilomita 8 na zaidi, nje kabisa ya uwezo wa makombora ya begani yanayofika kama kilomita 5, na zilikuwa na muda wote wa kuchagua gari gani lipigwe. Washirika walikuwa wametoa vifaru, magari ya deraya na mafunzo ya kupigana kwa namna ambayo wao wenyewe wasingekubali kupigana bila ndege. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu vijana walioingia kwenye njia ile walifanya walichofundishwa.

Droni zimezidisha ugumu. Safu haiwezi tena kukusanyika kwa siri, na bomu la ardhini laweza kurudishwa kutoka angani usiku uleule njia ilipofunguliwa. Lakini droni hizohizo zimempa kamanda wa kikosi kidogo kile alichokuwa nacho rubani wa Quesada juu ya safu: jicho na mkono, bila kuomba makao makuu. Anayefikiria kuvunja ulinzi leo itambidi azipange pamoja na wahandisi, dakika kwa dakika, kama Loerzer alivyopanga mawimbi yake.

Baada ya Juni, Waukraine waliacha safu kubwa, wakasonga kwa miguu katika vikundi vidogo, na mwishoni mwa Agosti wakakichukua kijiji cha Robotyne. Helikopta za Urusi zilikuwa zimehamishiwa kwenye viwanja vya nyuma, kama Berdyansk, ambako roketi walizokuwa nazo Waukraine hazikufika. Makombora ya Kimarekani ya ATACMS yanayofika huko yalirushwa kwa mara ya kwanza Oktoba 17, na helikopta kadhaa ziliharibiwa zikiwa ardhini. Tokmak ilikuwa bado mikononi mwa Warusi, na magari ya Mala Tokmachka yalikuwa yamepigwa miezi minne kabla.